Mwanza Ikitaka Onyesho la Mwanga, Iuache Mwamba wa Bismarck

Mwambie mtu wa Mwanza kwamba historia ya jiji lake inaweza kuoneshwa usiku kwa mwanga, picha zikitembea juu ya jiwe au ukuta huku sauti ikisimulia. Hutamaliza maelezo kabla hajakuonesha kwa kidole ule mwamba uliosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga. Ndiyo sura ya jiji kwenye kalenda na fulana. Kwa kazi hii, hata hivyo, Mwamba wa Bismarck haufai, na sababu haimhusu yule kansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kukanyaga ufukwe huu. Hata ungebeba jina la ntemi, mtawala wa jadi wa Kisukuma, bado usingefaa.

Projekta humwaga mwanga tu. Picha unayoiona ni ule mwanga ambao ukuta umekubali kuurudisha. Granaiti ya kijivu, iliyopigwa jua na mvua mpaka ikaota ukoga, hurudisha takribani robo ya mwanga unaoiangukia. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe hurudisha karibu asilimia 80. Kwa hiyo picha ileile, kwa mashine ileile, itaonekana hafifu zaidi ya mara tatu ikihamishiwa kwenye jabali. Tena jabali ni la mviringo. Mwanga ukiufikia uso kwa mshazari wa nyuzi 60 nguvu yake hupungua nusu, hivyo tumbo la mwamba litang'aa na mbavu zake zitazama gizani. Nyufa na vivuli vitakula macho ya kila sura utakayoiweka pale. Wenye fedha hukabiliana na hali hiyo kwa kuzungushia projekta nyingi pande zote, kila moja ikifunika kipande chake. Mwamba wetu una maji pande zote, na projekta iliyofungwa kwenye boti inayoyumba haiwezi kushika picha mahali pake.

Kubwa zaidi ni mwanga unaolikosa jiwe. Huo hauishii hewani. Unapita juu ya maji na kumpiga nahodha usoni. Jicho lililopigwa na mwanga mkali huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza tena sawasawa. Kwenye ghuba yenye vivuko, boti na mitumbwi ya wavuvi ambayo mingine haina taa ya kueleweka, hoja hiyo peke yake inatosha kuufunga mjadala.

Majengo mapya ya katikati ya jiji nayo si jibu. Vioo vya bluu na mabati yanayong'aa hupitisha mwanga au kuutupa upande mwingine, na picha haikai. Jengo la hospitali ya Bugando linaonekana kutoka kila pembe ya mji, na kuna watakaolipendekeza kwa sababu hiyo. Wakumbushwe kwamba nyuma ya yale madirisha kuna wagonjwa wamelala.

Hesabu inayopaswa kufanywa kabla ya hesabu ya fedha ni rahisi: gawanya lumeni za projekta, yaani mwanga wote inaoutoa, kwa eneo la ukuta katika mita za mraba, utapata luksi, yaani kiasi cha mwanga kinachofika ukutani. Projekta kubwa ya lumeni 20,000 ikichora picha ya mita 20 kwa mita 12.5 inafunika mita za mraba 250. Hiyo ni luksi 80. Toa sehemu ya picha inayoangukia madirishani, nje ya kingo na kwenye paa, na toa pia uchakavu wa lenzi. Ukibakiwa na 60 ushukuru. Sasa angalia barabara iliyo mbele ya ukuta huo. Taa za barabarani zenye afya huweka luksi 10 hadi 20 juu ya kila kitu. Kama ukuta tayari una luksi 15 za bure, sehemu inayong'aa zaidi ya picha yako itaushinda weusi wake mara tano tu. Weusi utakuwa kijivu, na sura za watu zitaonekana kama zimefuliwa kwa jiki. Zima taa hizo, mwanga wa bure ushuke mpaka luksi 1, na picha ileile inaushinda weusi wake mara 60. Hakuna projekta ya kukodi itakayokupa tofauti hiyo.

Hapa ndipo waandaaji wengi hukwama, kwa sababu wanadhani kuzima taa ni barua moja kwenda halmashauri. Zamani nguzo za mtaa mzima zilifuata swichi moja. Taa nyingi zinazofungwa siku hizi ni za sola: kila nguzo ina paneli yake, betri yake na kihisi chake, na hakuna mahali pa kuzizima zote kwa pamoja. Inabidi fundi apande ngazi nguzo kwa nguzo, afunike kichwa cha taa kwa kitambaa cheusi kizito au gunia lililokunjwa mara mbili, na ashuke. Nguzo kumi na mbili ni kazi ya mchana mzima kwa watu wawili, na kesho yake yapo ya kufunua. Halafu kuna mabango ya biashara, taa za maduka, na boda boda watakaokuja kusimama ukingoni wakiwa wamewasha taa kubwa waone kuna nini. Kila mwenye taa katika mtaa ana sababu ya kutoizima, na wengi wao wana haki: giza la katikati ya mji ni sikukuu ya vibaka. Ukishazima taa za juu lazima uweke nyingine za chini, za rangi ya chungwa, kwenye kimo cha kifundo cha mguu na zikitazama ardhini, ili mama mwenye mtoto mgongoni aone ngazi na mtaro.

Kwa hiyo giza ni mali, na katikati ya Mwanza ni mali adimu. Hilo lituongoze tunapotafuta mahali.

Kabla ya mahali, kuna wadudu. Mtu aliyefanya maonesho ya aina hii Ulaya hatakuuliza habari zao, na fundi atakayeleta mashine kutoka Dar es Salaam, kilomita 1,150 hivi kwa barabara, huenda asijue pia. Kila anayeishi kando ya Ziwa Victoria ameshaona yale mawingu meusi yanayoinuka juu ya maji kama moshi. Ni wadudu wadogo mfano wa mbu, wasiouma, ambao hukua wakiwa viluwiluwi tope la chini na kisha hutoka kwa mamilioni. Upepo ukiwaelekeza mjini, hujaa kwenye kila taa. Sasa fikiria taa yenye nguvu kuliko zote mjini, ambayo pia ina feni inayovuta hewa ndani ili ijipooze. Wadudu huvutwa na mwanga, feni huwavuta wadudu, kichujio huziba, joto hupanda, na mashine hujizima yenyewe ili isiungue. Kwa mtazamaji umeme umekatika. Kwa fundi ni usiku wa kupangusa uji wa wadudu kwa brashi.

Dawa yake ni ya kiufundi na ya kalenda. Ya kiufundi kwanza. Projekta ikae ndani ya sanduku la mbao lenye mlango wa hewa upande usio na mwanga, na mlango huo ufunikwe kwa kitambaa cha chandarua. Chandarua hupunguza mpito wa hewa, hivyo eneo lake liwe angalau mara nne ya tundu la kuvutia hewa la mashine. Ukikibandika moja kwa moja juu ya tundu utakuwa umeikaba mwenyewe. Hewa ya moto itolewe kwa feni upande wa pili, isirudi ndani. Mbele ya lenzi usiweke wavu kamwe. Weka kioo safi, kiinamishe nyuzi chache ili mwanga unaorudi usiingie kwenye lenzi, na pengo la pembeni lizibwe kwa sponji. Kisha weka taa ya mtego: taa nyeupe kali, mita 50 kutoka kwenye mashine, upande wa ziwani, iwashwe tangu jua linapozama na isielekee ukutani. Projekta yenyewe iwake lakini shata yake, kile kifuniko kinachozuia mwanga kutoka, ifungwe mpaka dakika ya kwanza ya onyesho. Wapo wanaoacha nembo ya mfadhili ikiwaka ukutani saa nzima kabla ya kuanza. Hao huwa wamewaalika wadudu mapema kuliko watu.

Ya kalenda inafurahisha zaidi, kwa sababu wavuvi wa dagaa wanaijua kuliko mafundi. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa nyingi ni za sola, na huvuliwa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika kwa sababu taa yao haina nguvu tena juu ya maji. Wadudu nao hufuata mwezi. Wale wa jamii ya Chaoborus hutoka kwa wingi siku chache baada ya mwezi kuandama. Yupo mwingine, Povilla adusta, mwenye mabawa laini na maisha ya saa chache tu akishakomaa, ambaye hutoka mara tu baada ya jua kuzama katika siku mbili tatu zinazofuata mwezi mpevu. Kwa hiyo mwezi una vipindi viwili vya hatari. Waandaaji wengi wangekimbilia usiku wa giza totoro kwa kudhani mbalamwezi itaharibu picha. Haiharibu. Mwezi mpevu, ukiwa juu kabisa, hutoa luksi isiyozidi 0.3, na taa moja ya mama lishe inaushinda. Siku nzuri ni ama zile tano kabla ya mwezi mpevu, ama kuanzia siku ya nne baada yake mpaka karibu mwezi ufe.

Sasa mahali. Kisesa, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji kwenye barabara ya Musoma, ipo Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kazi iliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada katika miaka ya 1950. Pale kuna banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha ntemi, kuna ngoma za kitemi, kuna nyumba ya vyama vya ngoma. Giza lipo. Na kila mwaka, kwa kawaida Juni, Bujora hufanya Bulabo, sherehe ya ngoma inayokwenda pamoja na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Juni ni kiangazi, mvua za masika zimekwisha. Na hapa hesabu inatupa zawadi ambayo hakuna aliyeipanga. Pasaka hupangwa kwa mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Jumapili ya Mwili na Damu ya Kristo huja siku 63 baada ya Pasaka, na miezi miwili ya angani ni siku 59. Ukifuata hesabu hiyo, sikukuu hiyo huangukia daima kati ya siku ya 4 na ya 12 hivi baada ya mwezi mpevu. Yaani Povilla wameshapita na Chaoborus hawajaanza. Mwaka 2026, kwa mfano, mwezi mpevu ni Mei 31 na Jumapili hiyo ni Juni 7.

Atakayepinga atasema Bujora hakuna ukuta mkubwa. Kweli, na hiyo ndiyo sifa yake. Tamaa ya ukuta mmoja mkubwa ndiyo inayozaa gharama zote: projekta ya lumeni 20,000, mnara wa mabomba ya chuma, jenereta la lori, fundi wa kukodi. Chukua badala yake projekta nne za lumeni 5,000, aina ambayo makanisa, vyuo na kumbi za mikutano za Mwanza wanazo tayari. Jumla ni zilezile lumeni 20,000. Lakini kila moja ikichora picha ya mita 6 kwa mita 3.75, yaani mita za mraba 22.5, ukutani zinafika luksi 222, karibu mara tatu ya ukuta mkubwa. Pikseli moja ya mashine ya 1920 kwa 1200 itakuwa na upana wa milimita 3 tu; kwenye ukuta wa mita 20 ingezidi sentimita moja. Mashine moja ikifa, tatu zinaendelea. Na pale penye ukuta wenye michoro au rangi nzito usioruhusiwa kuguswa, turubai jeupe lisilong'aa, likivutwa vizuri kwenye fremu ya mbao, linafanya kazi kuliko jabali lolote.

Kuna sababu nyingine ya kupenda picha ndogo nyingi, nayo imo ndani ya utamaduni wenyewe. Ngoma za Kisukuma hushindanishwa kati ya Bagika na Bagalu, pande mbili ambazo simulizi huzirudisha kwa Ngika na Gumha, mahasimu wa karne ya 19. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, yakitazamana, na mshindi ni yule anayewavuta watu wengi upande wake. Hakuna meza ya majaji. Umati wenyewe ndio kura, kwa miguu. Onyesho la ukuta mmoja, watu wamepangwa kwenye viti wakitazama mbele, limetoka kwingine: Chambord nchini Ufaransa mwaka 1952, kisha piramidi za Giza nchini Misri mwaka 1961. Ni mtindo wa mfalme na ngome yake. Kwetu weka turubai mbili zinazotazamana uwanjani, umbali wa mita 60, moja kwa kila upande, na waachie watu uwanja katikati. Wataamua wenyewe waende wapi, na watoto watakimbia huku na huku, kama inavyokuwa mchana wa Bulabo.

Upangaji wake si mgumu. Projekta nyingi za aina hii huhitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha. Kwa mita 6 ni mita 9. Kamba ya kuzuia watu ipite mita 10 kutoka ukutani, nyuma ya mashine, na hapo hakuna kichwa kitakachokata mwanga wala jicho litakalochungulia lenzi kwa karibu. Sanduku likae juu ya meza iliyochimbiwa miguu. Usidharau miguu: mashine ikiinama sehemu ya kumi ya nyuzi moja, kwa mita 9 picha huhama sentimita moja na nusu, kitu ambacho turubai litavumilia; lakini kwa mnara ulio mita 40 kutoka ukutani ni sentimita 7, na mstari uliochorwa kuzunguka dirisha utakuwa umeshuka kwenye plasta. Udongo uliolowa umande na watu wanaoegemea nguzo vinatosha kuleta hilo. Washa mashine nusu saa kabla ya kupanga picha, kwa sababu lenzi ikipata joto hubadilika kidogo, na kilichokuwa sawa saa 12 jioni hakitakuwa sawa saa 1:30.

Kama picha inapaswa kufuata umbo la jengo, kwa mfano kuzunguka kiti cha ntemi, usianze na vipimo vya ramani. Njoo usiku, weka projekta mahali itakapokaa siku yenyewe, tupia gridi ya mistari myeupe, kaa na kompyuta ukifuatilia kila ukingo kwa kipanya moja kwa moja juu ya jengo. Unachochora ndicho jicho la mashine linachokiona, na huhitaji kurekebisha chochote baadaye. Alama ya miguu ya meza ipigwe kwa rangi, kimo cha lenzi kiandikwe kwa milimita. Programu ya bure ya Blender inatosha kwa michoro. Za kupangia picha ukutani, kama MadMapper au Resolume, hulipiwa. Kingo za picha zififishwe taratibu mpaka nyeusi, la sivyo utaona sanduku la kijivu angani, kwa kuwa weusi wa projekta si weusi kamili.

Umeme niupitie haraka. Projekta nne hazizidi wati 1,600. Ukijumlisha kompyuta na spika za wastani unabaki chini ya kilowati 3, na jenereta dogo la kVA 5 linabeba. Tatizo la kawaida ni waya. Waya wa milimita za mraba 2.5 wenye urefu wa mita 100, ukibeba ampia 10, hupoteza karibu volti 15 njiani; wa milimita 6 hupoteza volti 6 tu. Umeme wa gridi ukiwa tayari umeshuka jioni, hizo 15 ndizo zinazoifanya kompyuta izime na kuwaka. Kila kompyuta iwe na betri yake, ambayo kwa kompyuta mpakato haina gharama, na kila projekta ipite kwenye kidhibiti volti. Waya wa kawaida wa HDMI, unaopeleka picha kutoka kompyuta hadi projekta, usizidi mita 10 au 15. Zaidi ya hapo picha itakatika-katika na watu watalaumu mashine.

Ya kuoneshwa ni mengi, na hapo ndipo uamuzi unapohitaji ujasiri zaidi ya fedha. Njia nyepesi ni kuanza na Speke kufika hapa Agosti 3, 1858 na kulipa ziwa jina la malkia wake. Mtu aliyetembea mpaka kwenye maji ambayo wenyeji walikuwa wakivua tangu enzi na enzi anaweza kupata sekunde 20. Kilichoijenga Mwanza tunayoijua kina kelele zaidi: pamba, reli iliyofika kutoka Tabora mwaka 1928, na mizani. Mizani hasa. Malalamiko ya wakulima kwamba wanapunjwa kwenye kupima pamba ndiyo yaliyomwinua Paul Bomani na wenzake, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa, uliokuja kuwa miongoni mwa mikubwa barani Afrika. Mkono wa mizani ukipanda na kushuka kwenye turubai ya mita 6, mistari myeupe juu ya weusi, unaeleweka na mkulima wa Magu bila neno moja la maelezo. Ni picha bora kwa mwanga pia: mistari michache iliyokolea hushinda video yenye rangi mia.

Mfano wa nje unaofaa kuigwa ni wa Amiens, Ufaransa. Kanisa kuu la mji huo liliposafishwa, mabaki ya rangi za kale yalionekana kwenye sanamu za mlangoni, na tangu hapo usiku wa kiangazi rangi hizo hurudishwa kwa mwanga, kila vazi na rangi yake. Hawakuleta hadithi kutoka mbali wakaibandika ukutani. Waliuliza ukuta ulikuwaje. Bujora inaweza kuuliza hivyohivyo kuhusu ngoma, ngao na viti vyake, huku wazee wanaovijua wakiwa bado wapo wa kusahihisha. Mjini, wazo hilohilo lingefaa ukuta wa ghala la pamba la zamani, au chini ya miamba ya Makoroboi, ambako mafundi walitengeneza vibatari kwa vipande vya mabati. Ila kwanza mtatue suala la taa.

Meli ya MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996, haiwezi kuachwa nje ya historia ya Mwanza, na haiwezi kuchorwa ikizama. Familia zilizozika ndugu zao Igoma zitakuwa uwanjani. Funga shata zote nne, zima spika, acha dakika moja ya giza kamili kwenye turubai baada ya kutaja tarehe. Kiufundi ndiyo sehemu nafuu kuliko zote, lakini ina sharti: mwambie mapema mtu wa taa za juu asiziwashe kwa hofu akidhani kuna hitilafu. Zile za chini za rangi ya chungwa zibaki.

Picha za zamani zitatoka kwenye maboksi ya watu. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi hutoa pikseli 2,362 kwa 3,543, na hiyo inajaza turubai ya mita 6 bila kuchakaa. Iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha imeshakamuliwa. Iombwe upya, itumwe kama dokumenti. Mwenye picha asaini karatasi inayosema itatumika wapi na mara ngapi, na ngoma zilizorekodiwa zipitie kwa wahusika wa hakimiliki, COSOTA, mapema. Kundi la ngoma linaloishi na kucheza pale pale lilipwe lirekodiwe upya, jambo ambalo pia linakupa sauti safi. Maandishi ukutani yawe machache: kwa mtazamaji aliye mita 25, herufi isipungue sentimita 20, na hiyo inakuachia mistari kumi na miwili tu kwa kubanana. Msimulizi azungumze Kisukuma, maandishi yawe Kiswahili.

Jua la Juni huzama Mwanza karibu saa 12:47 jioni, na karibu na ikweta machweo hayakawii. Saa 1:30 usiku giza limeshakomaa. Dakika 25 zinatosha, kisha rudia saa 2:30 kwa waliochelewa. Katikati ya maonesho hayo mawili fundi afungue masanduku, avue chandarua kilichojaa, afunge kingine kilichokuwa kimeoshwa na kukaushwa, na apanguse kioo cha mbele kwa kitambaa kikavu. Vyandarua vya akiba viwe viwili kwa kila mashine.